Eneo la tope limekuwa mara mbili kwenye picha ya setilaiti: je, maji ya barafu nayo yameongezeka mara mbili?

"Shikamoo mtaalamu. Naandika tasnifu ya uzamili kuhusu mabadiliko ya tabianchi na nimechagua fiordi (mkono mrefu mwembamba wa bahari unaoingia kati ya milima) ya Kangerlussuaq, magharibi mwa Greenland. Nimepakua picha za setilaiti ya Sentinel-2 za mwezi wa saba kwa miaka miwili tofauti, picha moja kila mwaka, nikapima eneo la maji yaliyobadilika rangi. Mwaka wa pili eneo limekuwa kama mara mbili ya mwaka wa kwanza, kwa hiyo nimeandika kwamba maji ya barafu yanayoingia baharini yameongezeka mara mbili. Mwenzangu anasema hayo ni matope tu, setilaiti haiwezi kuona maji ya barafu hata kidogo. Halafu kuna picha nyingine programu ilifuta eneo lote ikisema ni wingu wakati mimi naliona kabisa ni tope. Nani yuko sahihi, na nifanyeje nipate kiasi cha maji?"

Marahaba, na pole na kazi ya tasnifu. Nikikuelewa vizuri, kinachokukosesha usingizi ni ile sentensi ya "mara mbili", unaiona iko kwenye picha kabisa, mwenzako anaikataa na huna cha kumjibu. Niseme mapema usije ukasubiri: mwenzako yuko sahihi kwamba unachokiona ni tope, amekosea aliposema "tope tu", na wewe picha yako imekuonyesha kitu cha kweli ila hiyo sentensi kwa sasa ifute, haijathibitika. Inawezekana hata huo upana ulioongezeka hautoki Greenland kabisa, unatoka kwenye namna mafaili ya Sentinel-2 yalivyobadilishwa, hilo nitalifikia huko chini na nakuomba usiliruke.

Tuanze na tope lenyewe linatoka wapi maana hapo ndipo mambo mengi yanafunguka. Barafu ya Greenland sehemu za katikati ina unene unaozidi kilomita 3, na haijakaa tuli, inasogea polepole kuelekea pwani huku inasaga mwamba ulioko chini yake. Kinachotoka hapo ni unga wa mawe, laini mno kiasi kwamba ukiwa ndani ya maji baridi unaelea muda mrefu kabla haujatuama. Kiangazi kikiingia theluji na barafu ya juu inayeyuka, maji yanakuwa vijito na maziwa ya bluu juu ya barafu (haya utayaona vizuri sana kwenye Sentinel-2, yatafute), halafu yanapata ufa au shimo na kudumbukia hadi chini kabisa kwenye mwamba. Na usidhani ni kidogokidogo siku zote: mwaka 2006 watafiti walikuwa wameweka vyombo kwenye ziwa moja la magharibi mwa Greenland, ukubwa wake kama kilomita za mraba 5.6, likaisha lote kwa chini ya saa 2. Maji yakishafika chini yanasafiri gizani kati ya barafu na mwamba, yanabeba ule unga, yanatokea ukingoni yakiwa ya kijivu mazito. Kwako Kangerlussuaq yanatokea nchi kavu, yanaingia mto Watson, mto unapita chini ya daraja pale kijijini na muda si mrefu unamwaga kwenye kichwa cha fiordi. Hilo doa ulilochora kwenye ramani yako ndiyo mwisho wa safari hiyo yote, kwa hiyo tope hilo ni alama ya kweli ya maji ya barafu, halijafika hapo lenyewe.

Sasa kwa nini setilaiti inaliona? Maji safi yenye kina yanameza mwanga mwekundu ndani ya mita chache tu, ndiyo maana ukifungua bendi nyekundu (picha ya mwanga mwekundu tu, kwenye Sentinel-2 inaitwa B4) peke yake bahari safi inakuwa karibu nyeusi. Unga wa mawe unaurudisha ule mwekundu juu. Watu wamekuwa wakiitumia hii kwenye fiordi yako hiyo hiyo kwa miaka mingi, kwanza kwa chombo cha setilaiti kiitwacho MODIS ambacho bendi yake nyekundu ina pikseli (viraba vidogo vinavyojenga picha) za mita 250 na kinapita kila siku, sasa hivi na Sentinel-2 yenye mita 10. Ila kuna kitu wanafunzi wengi hawaambiwi: tope likizidi sana, bendi nyekundu inachoka. Unaongeza tope, namba haipandi tena. Karibu na mdomo wa mto ndipo inapotokea, na hapo inabidi uhamie bendi ya infraredi ya karibu (mwanga usioonekana kwa macho, jirani na mwekundu), B8 au B8A, ambayo inaendelea kupanda hata maji yakiwa mazito. Ukitumia B4 peke yake sehemu ile utaona tope zito na tope la wastani sawasawa.

Mwenzako akisema setilaiti haioni maji ya barafu yenyewe, hapo namkubalia. Maji matamu hayana rangi yao. Zipo setilaiti zinazopima chumvi ya juu ya bahari, SMOS tangu 2009 na SMAP tangu 2015, lakini doa moja la vipimo vyao lina upana wa makumi ya kilomita, fiordi yako haina hata upana wa kilomita 10 sehemu nyingi, na juu ya hapo maji yakiwa baridi sana kile kipimo cha chumvi kinadhoofika. Kwa hiyo ndani ya fiordi tope ndilo shahidi tulilonalo. Na ni shahidi mzito, maana utafiti uliochapishwa 2017 kwa kutumia picha za setilaiti za Landsat ulikadiria kwamba Greenland inapeleka kama asilimia 8 ya tope lote linaloingia baharini kutoka mitoni duniani, wakati maji yake ni kama asilimia 1 tu ya maji hayo.

Hizo namba mbili ziangalie tena kwa makini. Asilimia 8 ya tope, asilimia 1 ya maji. Tope na maji havitembei bega kwa bega. Hapo ndipo sentensi yako inapoanguka. Ni kama moshi wa moto, ukiuona unajua moto unawaka na upepo unaelekea wapi, ila huwezi kutaja kilo za kuni kwa kuangalia moshi umetanda mpaka wapi. Kila lita ya maji ya mto Watson haina tope lile lile msimu mzima, mwanzoni mwa kiangazi maji yanasomba tope lililolala chini ya barafu tangu mwaka uliopita, baadaye kiasi kile kile cha maji kinaweza kuja na tope pungufu. Halafu likifika kwenye chumvi ule unga unaanza kushikana vipande vipande na kuzama. Halafu upepo. Ukivuma kutoka kwenye barafu kwenda baharini unalinyoosha tope kwa kilomita nyingi, likabaki tabaka jembamba juu, na setilaiti kwenye maji mazito inaona juu juu tu, pengine hata mita moja haifiki, haijui kama chini ya hapo kuna mita 10 za tope au hakuna kitu. Na usisahau kupwa na kujaa, kichwa cha fiordi ile kina maji machache, picha ya bamvua maji yakiwa yamejaa na picha ya maji yamekupwa haziwezi kulinganishwa ukasema umepima barafu.

Na kuna tarehe. Picha moja kwa mwaka ni hatari, hili nakusisitizia kuliko yote. Chukua Julai 2012: tarehe 11 mto Watson ulifurika mpaka ukabomoa sehemu ya daraja la Kangerlussuaq, na kesho yake setilaiti zikaonyesha kuyeyuka karibu uso wote wa barafu ya Greenland, zaidi ya asilimia 95. Sasa fikiria mtu ana picha ya wiki mbili kabla na mwingine ana picha ya tarehe 12, wote wawili wataandika "Julai 2012" na hadithi zao hazitafanana hata kidogo. Huo ni mwaka mmoja. Wewe umelinganisha miaka miwili kwa picha mbili, unaweza kuwa umelinganisha Jumatatu ya baridi na Alhamisi ya joto.

Nije kwenye lile la mafaili. Hujanitajia miaka yako, lakini kama mmoja ni kabla ya 2022 na mwingine ni 2022 kuja huku, simama hapo hapo uangalie. Kuanzia tarehe 25 Januari 2022 wanaotengeneza data ya Sentinel-2 walianza kuongeza 1000 kwenye kila namba ya pikseli, wana sababu zao za msingi, pikseli za giza sana zilikuwa zinakatwa kwenye sifuri. Maana yake faili la zamani unagawa kwa 10,000 unapata kiasi cha mwanga uliorudi, faili jipya unatoa 1000 kwanza ndiyo ugawe. Usipotoa, maji yaliyokuwa na 0.03 yanasomeka 0.13. Yaani maji safi yanageuka tope kwenye kompyuta yako bila hata barafu kuyeyuka! Ukiwa umeweka kizingiti kimoja (namba ambayo pikseli ikiivuka unaihesabu kuwa tope) kwa miaka yote miwili, eneo la mwaka wa pili lazima livimbe. Kuangalia ni rahisi, soma jina la faili, ndani yake kuna kipande kinachoanza na N, mfano N0301 au N0400, kuanzia N0400 kwenda juu toa 1000. Na usidhani picha ya mwaka wa zamani lazima iwe na namba ya zamani, kumbukumbu za nyuma zimechakatwa upya, kwa hiyo angalia jina la kila faili usikisie. Kama unatumia Google Earth Engine chukua mkusanyiko ulioandikwa harmonized, huo umeshasawazishwa. Fanya hili leo kabla ya kitu kingine chochote.

Sasa ile picha iliyofutwa ikaitwa wingu. Hapo macho yako yalikuwa sahihi na programu ilikosea, inatokea mara nyingi kwenye maji ya barafu kwa sababu ile mashine ya kutambua mawingu inaona kitu cheupe kinachong'aa inasema wingu, na tope zito la unga wa mawe linang'aa kweli. Dawa yake ni bendi B11. Fungua picha kwenye Copernicus Browser au QGIS (programu za kufungulia picha za setilaiti), bonyeza pikseli moja katikati ya tope: B4 iko juu, B8 imeshuka chini yake, B11 iko karibu na sifuri, maana maji yanaumeza mwanga ule wa infraredi ya mbali kidogo hata yakiwa na tope kiasi gani. Hamia kwenye wingu zito: zote tatu ziko juu. Hamia kwenye kipande cha barafu inayoelea: B4 juu, B8 nayo juu, B11 chini. Ukishabonyeza hivyo pikseli kama ishirini hivi mkono unazoea, na unaweza kuandika kanuni yako mwenyewe badala ya kutegemea ile ya kiwandani. Angalizo ni mawingu mepesi, yale ya utando, hayo yanadanganya hata B11, na vivuli vya milima jua likiwa chini. Picha yenye utando itupe tu, usiionee huruma.

Kiasi cha maji basi kinapatikanaje? Kwa picha za rangi peke yake hakipatikani, lazima uifunge na kitu kilichopimwa. Na hapa umebahatika kuchagua fiordi nzuri maana mto Watson una vipimo vya mtiririko pale darajani tangu 2006, na data hutolewa bure na watafiti wa Denmark wanaofuatilia barafu ile. Unachukua mfululizo wako wa tope, unauweka pembeni ya mfululizo wa mto kwa siku zile zile, unaangalia kama vinapanda na kushuka pamoja na vinapishana siku ngapi. Vikienda pamoja vizuri, una haki ya kusema kitu kuhusu maji, na utakisema pamoja na ukubwa wa kosa lake. Zipo pia modeli za hali ya hewa za eneo lile, MAR na RACMO, zinakokotoa maji yanayotiririka kutoka kwenye barafu kila siku, hizo zinakusaidia sehemu zisizo na kipimo cha mto.

Wengi wakisikia kiasi wanakimbilia GRACE, zile setilaiti mbili zinazofukuzana angani na kupima uvutano wa dunia ulivyobadilika chini yao, ya kwanza ilifanya kazi 2002 hadi 2017 na GRACE-FO ikarushwa 2018. Hizo ndizo zimetuonyesha Greenland inapoteza wastani wa kama gigatani 270 za barafu kwa mwaka (gigatani moja ni tani bilioni moja), na gigatani 360 au karibu na hapo zinatosha kuinua bahari zote milimita 1. Namba hizo ziweke kwenye utangulizi, zinastahili. Lakini usizilete fiordini, jicho la GRACE ni la mamia ya kilomita, fiordi yako haipo kabisa kwake, na kile inachopima ni hesabu yote kwa pamoja, theluji iliyoanguka, maji yaliyotoka na mapande ya barafu yaliyokatika.

Hayo mapande nayo yataje kwenye tasnifu hata kwa sentensi mbili. Sehemu kubwa ya barafu inayoondoka Greenland haitoki kama mto, inakatika ikiwa ngumu na kuelea, kama kule Ilulissat, inaenda kuyeyukia mbali na haichori mkia wa tope kama wa mto. Na mito ya barafu inayoishia ndani ya bahari inatoa maji yake chini, pengine mita mia kadhaa chini ya uso, maji matamu ni mepesi kwa hiyo yanapanda kwa nguvu na njiani yanazoa maji ya chumvi mengi mno, yakifika juu karibu yote ni bahari, na mara nyingine yanaishia katikati hayafiki juu kabisa. Mtu anayesoma picha anaona fiordi safi wakati chini maji yanatoka kwa wingi. Ndiyo maana nakwambia usihamie fiordi nyingine ya aina hiyo kwa sababu tu ina picha nzuri.

Kwa hiyo una njia tatu na sitakuficha uzito wa kila moja. Ya kwanza, badilisha swali: acha kiasi, uliza lini. Chora kisanduku kimoja sehemu ile ile ya fiordi, usikisogeze, chukua picha zote safi kuanzia Mei hadi Septemba kwa miaka yote kuanzia 2016, huko kaskazini njia za Sentinel-2 zinapishana kwa hiyo unapata picha nyingi kuliko mtu wa karibu na ikweta, ongeza Landsat 8 na 9 (kuna data ya HLS ya mita 30 ambayo tayari imezisawazisha na Sentinel-2), na uangalie tope linaanza tarehe gani, linafika kilele lini, linaisha lini. Hili unaliweza kwa kompyuta ya kawaida na halina mtu wa kulipinga kirahisi. Ya pili ni kufunga na kipimo cha mto kama nilivyoeleza, ina nguvu zaidi ila inakula muda na inahitaji takwimu kidogo. Ya tatu, kama msimamizi wako anataka kiasi na si kingine, tumia modeli na mto, picha zibaki za kuonyesha tu. Mimi ningekushauri ya kwanza, na ya pili kwa miaka michache ukipata nafasi. Rada ya Sentinel-1 iache kwa kazi hii, inapenya mawingu kweli lakini tope hailioni, faida yake ni kujua barafu ya juu imelowa au bado.

Ukifuata njia ya kwanza utaweza pia kuzungumzia jambo ninalolipenda sana na linaloandikwa kidogo mno, maisha ya mle majini. Tope likitanda mwanga hauingii, vimea vidogo vya kijani vinavyolisha bahari nzima vinabanwa karibu na mdomo wa mto, halafu mbali kidogo tope likishazama vinapata nafasi. Msimu wa tope ukianza wiki mbili mapema, viumbe wale wanajua kabla yetu. Tarehe ni matokeo kamili, usione umeshushwa daraja kwa kuacha kiasi.

Kuna sehemu maandishi yangu hayatoshi. Ukishatoa ile 1000, ukatengeneza kizingiti chako, na bado mfululizo wa tope unaenda kinyume na mto kwa wiki nzima, usiendelee kubahatisha peke yako, beba kompyuta nenda kakae na mtu wa maabara ya picha za setilaiti chuoni kwako, afungue mafaili yenyewe, maana kosa la kuweka picha kwenye ramani au la kuondoa athari ya hewa mtu hawezi kuliona kwa kusimuliwa. Ikiwa hesabu zako zitatumika na mtu mwingine kuamua jambo, au unataka kuzichapisha, mtafute na mtaalamu wa fizikia ya bahari aliyewahi kushusha vipimo vya chumvi na joto ndani ya fiordi. Na ukipata bahati ya kwenda Greenland kuchukua sampuli, usikanyage lile tope la mdomo wa mto wala kusogelea ukuta wa barafu kwa boti bila wenyeji na watafiti wanaoijua sehemu hiyo, unga ule wa mawe ukilowa unashika mguu hautoki na maji yanapojaa hayakusubiri.

Kwa sasa, mahali ulipoandika "yameongezeka mara mbili" andika hivi: "eneo la uso wa fiordi lenye tope, katika picha hizi mbili, lilikuwa kubwa zaidi tarehe hii kuliko tarehe ile", taja tarehe, saa ya kupita setilaiti na hali ya maji kujaa au kupwa. Ukishakagua majina ya mafaili nitumie miaka na kile kipande cha N, nikuambie kama hata sentensi hiyo inasimama.